Shangazi, Mwanafunzi Wangu

9 Septemba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku nyumbani sote tunaamka salama. Baba mgongo umemwachia na amerudi kwenye mabomba yake. Juzi alirudi amelowa mpaka kofia, kwa sababu mteja alifungua maji kabla hajaambiwa. Mama anasema, "Mwulize wifi yangu kama huko chuoni wanajua kutia chumvi."

Chumba chako cha kushonea kiko kama ulivyokiacha. Nafungua saa mbili, nafunga saa kumi na moja. Nashona vifungo, nakunja pindo, naandika vipimo, na kazi kubwa nampelekea yule fundi wa ng'ambo ya barabara kama ulivyoagiza. Wateja wanakuulizia. Jana yule nesi wa gauni la kijani aliniuliza, "Shangazi yako yuko wapi?" Nikamwambia yuko chuo kikuu. "Anashona sare za huko?" Nikasema hapana, anasoma uchumi wa fedha. Akacheka mpaka akashika meza, kisha akanitazama. "Na wewe uliyemaliza shule ndiye umebaki na cherehani?" Nilimpima kiuno.

Nimefurahi sana kwa ajili yako. Fomu yako niliijaza mimi kwa mwandiko wangu, kwa hiyo furaha hii ni yangu pia. Kwa sisi tuliotoka shule, kozi hiyo inataka alama sitini za hisabati, nami nilipata hamsini na nane. Wewe uliingia kwa mtihani wa watu wazima, na uliufaulu. Si kosa la mtu. Kujiandikisha kurudia mtihani mwisho ni tarehe 30 Novemba. Mama ananikumbusha kila asubuhi. Nitaona.

Niambie ukumbi ukoje. Viti vimeshikamana au kila mtu na chake? Unakaa mbele au nyuma? Mhadhiri akiuliza swali, watu wananyosha mkono kama shuleni?

Nimefurahi sana kwa ajili yako.

Mtoto wa kaka yako


21 Septemba

Mwalimu wangu,

Marahaba, mwanangu. Mwambie wifi chumvi ipo tele, kinachokosekana ni chakula chenyewe. Na kaka mwambie akienda kwenye bafu za watu avae koti la mvua. Mimi ni mzima ila miguu. Chumba changu kiko ghorofa ya nne, nakaa na binti wa miaka kumi na tisa anayeniita mama na kuniazima pasi bila kuirudisha.

Usishangae sipigi simu. Wewe kwenye simu unajibu "ee" na "haya" kama umemeza sindano, na hesabu hazisomeki sikioni. Na kasimu kangu ka tochi hakajui picha. Basi tuandikiane.

Ukumbi una ngazi, kila safu iko juu ya nyingine, na viti vimekazwa sakafuni kwa skrubu. Meza ni kibao kinachokunjuka, ukiweka daftari kiwiko kinakosa makazi. Nakaa safu ya kwanza kwa sababu ya miwani. Siku ya kwanza niliingia na ile suti yangu ya kijivu, ukumbi mzima ukanyamaza na wengine wakasimama. Nikawaambia, "Kaeni." Wakakaa. Halafu nami nikaenda kukaa katikati yao. Kile kicheko nadhani kaka alikisikia huko chini ya sinki.

Sasa nisaidie. Mhadhiri anasema mtu mwenye hisa za kampuni moja iliyotulia akiongeza hisa za kampuni nyingine inayoyumba zaidi, hatari ya jumla inaweza kupungua. Kupungua, eti. Niliandika, nikapigia mstari, na bado sijaelewa. Ukiongeza mlevi kwenye safari, safari inakuwaje tulivu?

Umejiandikisha? Usinijibu "nitaona". Nitaona yako ndiyo hapana ya watu wengine.

Shangazi yako


30 Septemba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Tuko salama. Mama alicheka ulipomjibu, kisha akasema utarudi umekonda. Nesi amechukua gauni lake, limemkaa.

Nilisoma swali lako nikiwa nimesimama mlangoni, nikasahau kuwasha pasi. Jibu liko ndani ya chumba chako mwenyewe. Fungua akilini lile daftari lako la vipimo.

Sare za shule ni kazi iliyotulia kiasi, lakini ina miezi ya kufa: shule zikifungwa, hakuna anayeleta kitambaa. Gauni za sherehe zinayumba zaidi. Mwezi huu kumi, mwezi ujao hakuna hata moja. Ukizitazama peke yake utasema gauni ni hatari kuliko sare, na ni kweli. Lakini gauni huja lini? Shule zikifungwa, watu wakiwa na nafasi. Kwa hiyo sare zikilala, gauni zinaamka. Fundi mwenye vyote viwili ana mwaka uliotulia kuliko fundi mwenye sare tupu, ingawa ameongeza kitu kinachoyumba.

Sasa fikiria angeongeza mikoba ya shule badala ya gauni. Mikoba yenyewe haiyumbi sana, lakini inalala siku ileile sare zinapolala. Haimsaidii kitu. Kwa hiyo usiulize tu kila kimoja kinayumba kiasi gani. Uliza vinayumba pamoja au vinapishana. Mlevi wako akiyumba kulia wakati gari linavutwa kushoto, anaweza kulinyoosha.

Nimeandika kurasa mbili, samahani. Sijaandika hesabu tangu mwezi wa tano. Nilisahau inavyokuwa.

Kuhusu kujiandikisha, bado siku ziko nyingi.

Mtoto wa kaka yako


16 Oktoba

Mwalimu wangu,

Hamjambo huko? Hapa mvua inanyesha kwa pembe, inaingia dirishani ikichagua kitanda changu. Yule binti ameirudisha pasi, imeungua waya.

Sikiliza haya. Mhadhiri aliuliza nani anaweza kueleza jambo la hatari kupungua bila kutumia herufi za kigeni. Kila mtu akawa anatafuta kalamu iliyoanguka. Nikanyosha mkono. Nikawaeleza sare, gauni na mikoba. Mhadhiri akaweka chaki chini, akasema, "Rudia." Nikarudia. Akachora ubaoni mistari miwili, mmoja unapanda mwingine unashuka, akaandika juu yake: Mfano wa Fundi. Uko ubaoni mpaka leo, hakuna aliyethubutu kuufuta.

Tangu hapo vijana wananifuata baada ya vipindi. Tunakaa kwenye ngazi za nyuma, kumi na moja hivi, nami nawaeleza. Wameshaacha kuniita mama, sasa wananiita Mwalimu. Ningependa ungeniona.

Lakini Mwalimu huyu amekwama. Sasa tunapiga hesabu yenyewe ya kuyumba kwa vitu viwili vikiwa pamoja. Naweka kuyumba kwa cha kwanza, naongeza kuyumba kwa cha pili, najumlisha, nakosea. Wanasema kuna kipande cha katikati. Kimetoka wapi? Mbona sikukiweka mimi? Jaribio ni tarehe 9 Novemba na hiki kipande kina nusu ya alama. Niandikie mapema, kwa michoro kama ulivyokuwa ukinifanyia pale mezani.

Shangazi yako


24 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Sote wazima. Baba anakusalimu. Mama anakusalimu. Cherehani ndogo ilikatika mkanda, nimebadilisha.

Hongera kwa ubao.

Kipande cha katikati ni hiki. Chukua kitambaa cha mraba. Upande wake mmoja ugawe sehemu mbili, ndefu uiite a na fupi uiite b. Upande wa pili ugawe vilevile. Kata kufuata mistari. Umepata vipande vinne, si viwili: mraba mkubwa, mraba mdogo, na mistatili miwili inayolingana. Wewe unahesabu ile miraba miwili na kutupa mistatili kwenye kikapu cha mabaki. Hiyo mistatili ndiyo kipande cha katikati. Ndiyo inayosema vitu viwili vinakwendaje pamoja. Vikiyumba pamoja, unaijumlisha. Vikipishana, unaitoa, na ndiyo sababu jumla inapungua. Nimechora nyuma ya karatasi na kupiga mifano mitatu.

Samahani kwa kuchelewa, posta ya huku siku hizi inasuasua.

Mtoto wa kaka yako


20 Novemba

Mwanangu,

Wasalimie kaka na wifi. Mimi mzima.

Jaribio nimepata thelathini na moja. Kufaulu ni arobaini. Nilitupa mistatili kwenye kikapu, kama ulivyosema. Wale vijana kumi na moja nao walitupa, kwa sababu mimi ndiye niliyewaelekeza. Jana kwenye ngazi za nyuma hakuja mtu.

Barua yako ya tarehe 24 Oktoba ilinifikia tarehe 17 Novemba. Nikasema posta hii imezeeka. Halafu nikavaa miwani nikausoma muhuri juu ya stempu: 12 Novemba. Mimi nimeshona miaka ishirini na minne. Mteja akiniambia nguo ilifumuka yenyewe, naangalia uzi, najua kama umechakaa au umekatwa kwa mkasi. Na uliomba radhi ya kuchelewa katika barua ambayo, kwa tarehe yako, ilikuwa haijachelewa hata siku moja.

Sikuulizi kwa nini. Nauliza moja tu: umejiandikisha? Zimebaki siku kumi.

Shangazi yako


25 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Leo sitaandika habari za nyumbani, nikianza hizo nitajificha humo.

Barua niliiandika kweli tarehe 24. Swali nikiliona siwezi kuliacha, hilo unalijua. Nilipomaliza niliifunga nikaiweka chini ya karatasi za vipimo. Nilipita mbele ya posta kila siku nikienda kununua uzi. Nilijiambia kesho. Tarehe 9 ilipopita nikaona aibu, nikaifungua bahasha na kuongeza ule mstari wa posta. Ni uongo. Nisamehe, au usinisamehe kwanza, soma mpaka mwisho.

Nakuonea wivu. Si wivu wa maneno, ni wivu uliozuia barua yako. Mfano wa Fundi ni wangu. Niliufikiria nimesimama mlangoni na kitambaa cha mtu begani. Ukausema kwa mdomo wako katika ukumbi ambao mimi ningekaa, ukaandikwa ubaoni, na hukusema ulikoutoa. Na lile jina. Mwalimu ulikuwa ukiniita mimi. Nilikuwa sina jina lingine zuri. Shuleni walikuwa wananiita Kimya.

Na kuna jingine nililomeza tangu mwezi wa tano. Mtihani wako wa kuingia ulikuwa Jumamosi. Karatasi yangu ya pili ya hisabati ilikuwa Jumatatu yake. Wiki nzima ile, kila siku kuanzia saa tisa, nilikaa na wewe mezani tukifanya milinganyo yako. Yangu niliifungua Jumapili jioni. Nilikosa alama mbili, shangazi. Mbili tu. Sikukulaumu kwa sababu hukujua, nami sikukuambia. Nilitaka ufaulu, kweli nilitaka. Nilidhani tutafaulu wote. Halafu ukaingia wewe, nikabaki nikisafisha cherehani yako.

Sijajiandikisha. Nikirudia nikafaulu, nitakuja huko nikiwa mtoto wa kaka yake Mwalimu. Nikirudia nikafeli, nesi atacheka mara ya pili. Huku chumbani hakuna anayenipima.

Mtoto wa kaka yako


1 Desemba

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako kwenye ngazi za nyuma, peke yangu, na nimechukua siku nzima kabla ya kushika kalamu. Dirisha la kujiandikisha lilifungwa jana. Sijui ulifanya nini. Afadhali, ili ninachotaka kusema kisionekane ni cha kukusukuma.

Umeandika kwamba sikujua. Nilijua.

Jumatano ya wiki ile niliingia chumbani kwako kutafuta rula. Ratiba yako imebandikwa ukutani juu ya kitanda. Nikaisoma: hisabati, karatasi ya pili, Jumatatu. Nilisimama pale na rula mkononi. Nikajiambia, nikimaliza Jumamosi, bado anayo Jumapili nzima. Kisha nikarudi mezani nikakuambia, "Mwalimu, leo tuanze na ya jana." Ukaanza na ya jana. Hukunung'unika hata kidogo, na hilo ndilo lililokuwa likinichoma kila nilipoandika "umejiandikisha?"

Nilikuwa na umri wako nilipopewa cherehani na kuambiwa nishukuru. Nilishukuru miaka ishirini na minne. Nawe ukakua mbele yangu, unasoma miguu juu ya kiti, unakula karanga, unapiga hesabu kama mtu anayekunywa maji. Nilikupenda na nilikuwa na kijicho, vyote kwa siku moja, wakati mwingine kwa kikombe kimoja cha chai. Wewe ulizuia barua siku kumi na tisa. Mimi nilizuia neno moja, na lilikugharimu zaidi.

Jana darasani nilinyosha mkono tena. Nikamwambia mhadhiri, "Mfano ule si wangu." Akauliza ni wa nani. Nikasema ni wa mtoto wa kaka yangu, anashona vifungo chumbani kwangu. Wakacheka, wakadhani natania. Mimi sikucheka, na taratibu wakaacha. Mhadhiri akaniuliza, "Kwa nini yeye hayuko hapa?" Nilisema sijui. Hata hapo nilidanganya.

Mtihani wa marudio ni tarehe 4 Februari. Nikifeli, wanafuta jina langu. Kusema kweli nimeshaanza kufikiria kurudi kabla ya siku hiyo. Nguo nimezikunja. Chumba cha kushonea ni changu na nakijua. Wewe ungepata nafasi ya kufanya lako.

Shangazi yako


8 Desemba

Shangazi,

Shikamoo. Baba na mama wazima. Sijawaambia chochote kuhusu ratiba, nitawaambia siku nitakayotaka mimi. Mama bado anasema utarudi umekonda. Naomba isiwe kweli, ile sehemu ya kurudi.

Nilijiandikisha tarehe 29, siku moja kabla ya kufungwa, kabla sijajua utaandika nini. Nilikwenda peke yangu. Ofisi ilikuwa imejaa, foleni imefika nje kwenye kibaraza. Karani alikuwa na sauti ya kuuza sokoni. Akatazama karatasi zangu akasema mbele ya watu wote, "Wewe unarudia?" Nikasema ndiyo kwa sauti yangu ya kawaida. Akasema hasikii. Unajua ninavyokuwa, shangazi. Masikio yalipata moto. Nikasema, "Ndiyo, narudia. Hisabati. Nilipata hamsini na nane." Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Hamsini na nane si haba, mimi nilipata tisa." Watu wakacheka, na sikufa. Karani akagonga muhuri akaita mwingine.

Sasa la ratiba. Nimelisoma mara nyingi. Nilikuwa nimekusamehe kwa kutojua, na ule msamaha umeniharibikia mkononi. Bado sina mwingine. Nilijiuliza, ungenionyesha siku ile ukasema "una mtihani Jumatatu", ningefanyaje? Nilitaka kuandika kwamba ningeendelea kukufundisha. Si kweli. Ningekuacha. Kwa hiyo uliogopa kitu cha kweli, na nimekasirika zaidi kwa sababu hiyo.

Usirudi. Fungua hizo nguo. Ukirudi, watasema nilikuwa na haki ya kukaa kwenye kiti chako, na mimi sitaki kiti kilichoachwa. Ukifaulu nitakuonea wivu, nakuambia mapema. Nikisikia wamerudi kwenye zile ngazi na wanakuita Mwalimu, wivu utazidi. Ukifeli nitalia. Sijui kama vitu hivi viwili vinapishana au vinakwenda pamoja, bado sijavipigia hesabu.

Nimekutumia maswali kumi na mawili. Hayana majibu. Yafanye mwenyewe, uyarudishe, nitayasahihisha kwa kalamu nyekundu, na safari hii nitayaposti siku hiyohiyo. Tukifanya hivyo mara tatu kabla ya katikati ya Januari, mistatili haitakupotea tena. Na wale vijana wafundishe. Ukiwafundisha sema ni nani aliyekufundisha. Sihitaji ubao, nataka unitaje tu.

Mtihani wangu ni tarehe 2 Februari, siku mbili kabla ya wako. Kwa hiyo wiki ya mwisho ya Januari usiniletee swali lolote, hata dogo, hata la mstari mmoja. Nitakuwa nasoma ya kwangu.

Mtoto wa kaka yako